Kisanduku Changu na Wakwe wa Shituru

Hata leo nikipita mtaa wa Shituru ninatembea nikiangalia chini, kama mtu aliyeangusha sindano, kwa sababu mule kuna familia nzima iliyosikia mambo ambayo binti hasemi mbele ya wakwe, na aliyeyasema ni mimi, kwa kinywa changu, kupitia kisanduku nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Afadhali niwaeleze mwenyewe kabla Mado hajawaeleza (Mado ni mtoto wa shangazi yangu, na kila akisimulia anaongeza chumvi).

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao sekondari Jumapili wanakwenda kupunga upepo ziwani Tshangalele, mimi nabaki mtaani kwetu Kikula, chumbani, na waya zangu. Nilijifunza peke yangu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, namna ya kuunganisha zile kadi ndogo zenye akili, mikrokontrola, ambazo zinaenea ndani ya kiganja: unaziandikia amri, nazo zinatii, jambo ambalo hapa nyumbani hakuna mwingine anayenifanyia. Kitaa cha kadi kikianza kuwaka na kuzima polepole, mimi naondoka kabisa, naelea, mama anaweza kuniita mpaka koo limkauke.

Basi nikatengeneza visanduku viwili vya kuongelea, kimoja chumbani kwangu, kimoja sebuleni juu ya kabati la vyombo, kila kimoja na mikro ya kunasa sauti na spika yake. Mama nilimwambia ni maendeleo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuomba chai bila kutoka kitandani. Kwa hiyo programu niliiandika kivivu: umeme ukiingia tu, chumba kinasema na sebule inasikia, kitaa cha kijani. Ukitaka kugeuza, chumba kisikie sebule, unabonyeza kitufe, kinakuwa chekundu. Siku ya kwanza nikaomba chai, nikabonyeza nisikie jibu, na sauti ya mama ikatoka safi kabisa: “Chai iko ku jikoni, na miguu uko nayo.”

Sasa kuna Fabrice, mchumba wangu. Fabrice anafanya kazi kiwandani, Shituru, na mwaka huo familia yake ikaomba kuja kujitambulisha kwetu. Mnajua desturi: siku hiyo binti anafichwa chumbani, haoni, hasikii, hata kukohoa anakohoa ndani ya mto, mpaka aitwe. Na Fabrice alikuwa amenionya: “Baba mukubwa njo alinikomalisha. Yee akikatala, inaisha.” Yaani huyo mzee ndiye aliyemlea, na neno lake ni la mwisho. Mimi sikulala vizuri kwa neno hilo. Nikajiambia, kubonyeza kitufe tu, nisikie kama mzee amefurahi, kosa liko wapi?

Walifika mchana, mvua nyembamba ikinyesha, ile isiyo na haraka. Nilikuwa kitandani na Mado, kitenge kipya, kitaa chekundu kinawaka, na sauti za sebuleni zikatufikia taratibu kama zinatoka chini ya maji. Nikamsikia mama akisema, “Chakula hiki chote ni Nadège alipika.” (Nadège ni mimi. Mama ni Mkristo mzuri, lakini siku ile alisahau.) Kisha baba mkubwa akaanza hotuba. Akasalimia nyumba, akasalimia marehemu wa nyumba, akaeleza walikotoka babu zake, na mimi nikafumba macho nikawa tayari nimehamia Shituru, nyumba ya vyumba viwili, meza ya waya zangu dirishani, Fabrice anaingia na vumbi la kazi, ananiuliza leo nimetengeneza nini...

Umeme ukakatika. Spika ikafa katikati ya babu wa tatu.

Tukangoja, mvua tu. Baadaye kidogo nje watoto wakapiga kelele, “Courant inarudia!” na kitaa kikawaka tena, lakini mimi nilikuwa bado dirishani kwetu kule Shituru, sikukiangalia rangi.

“Mbona kimya?” nikamuuliza Mado.

“Banakula,” akasema. “Bantu bakikula habaongeye.”

“Afadhali. Ule baba mukubwa ni treni ya mizigo, unawaza inaisha, kumbe mabehewa iko inakuya.”

“Na ile koti yake? Niliiona ku tundu ya mulango.”

“Minye siiyione. Iko namna gani?”

“Kifungo kimoja kinashikilia tumbo yote. Kikiruka, kitaua muntu.”

Tulicheka mpaka nikaangukia mto. Kisha Mado akaniuliza habari ya ugali, “Na bukari, weye, utabapikia bukari?”

“Bukari yangu ni mabonge tu. Leo mama njo alipika yote, minye nilipanga sahani.” Halafu, sijui ni mvua ile, moyo ukalainika. “Lakini Mado, ata bakikatala, minye nitamufuata Fabrice. Nitamufuata na waya zangu ndani ya mufuko.”

Bado kimya. Nikafikiri, hawa watu wanakula kwa adabu sana.

Ndipo sauti ya mama ikaja, siyo kwenye spika, mlangoni, ndogo: “Nadège. Zima ile kintu.”

Nikageuka. Kijani. Umeme uliporudi programu ilikuwa imeanza upya, kivivu kama nilivyoiandika.

Nikaitwa. Sebuleni hakuna aliyekuwa anakula. Samaki wamelala kwenye sahani wote wananiangalia. Fabrice alikuwa anasoma dari. Baba mkubwa alikuwa ameshika kifungo chake kwa vidole viwili, kama anayekilinda. Mjomba wangu, kwa kuwa desturi ni desturi, akaniuliza lile swali ambalo kila binti anaulizwa mbele ya wageni:

“Mwanangu, bantu aba, unabajua?”

Kabla sijafungua kinywa, baba mkubwa akainua mkono. “Muache. Anatujua muzuri sana.”

Shangazi mmoja wa Fabrice akapaliwa na kicheko, akajaribu kukifanya kikohozi, na hapo nyumba nzima ikaanguka, isipokuwa mzee. Alingoja watulie.

“Mutoto anasema ata tukikatala atafuata tu,” akasema. “Sasa tutakatala ju ya nini? Lakini kuku moya, faini. Na bukari, atakuya kujifunza kwa mama mukubwa.”

Mjue kwamba siku ya namna hii wanaotozwa faini ni upande wa mwanaume, kwa kuchelewa, kwa kukaa vibaya, kwa lolote. Sisi ndio wa kwanza pale Kikula kumfunga kuku miguu na kumkabidhi kwa waliokuja kuomba mke.

Tulioana, ndiyo, na bukari yangu sasa ina mabonge machache. Waya sikuacha. Lakini kila programu ninayoandika, umeme ukirudi, amri ya kwanza ni moja: nyamaza kwanza, mpaka uulizwe. Kadi zinatii vizuri. Mimi ninajaribu.