Mguu Niliomkanda Mama

Mama alivimba mguu wa kushoto baada ya siku nne za kukaa kitako nyumbani kwangu Kapsoya, akipukuchua mahindi ya mbegu kwa mkono. Kwetu mguu ukivimba haukimbizwi hospitali, hukandwa kwanza. Nilipasha samli moto, nikamkanda kwa nguvu kutoka kifundo hadi pajani, asubuhi mbili mfululizo. Alipolia nilimkemea: "Vumilia, Mama, inatoka!" Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, kilio nimekizoea.

Asubuhi ya tatu alianguka akielekea jikoni, akihema.

Hospitalini walimpiga picha, na daktari akanieleza bila kuzunguka. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Mabonge yakakatika, yakapanda kupitia moyo hadi kwenye mapafu, na huko yakaziba. Dawa ya kuyeyusha ingekuwa hatari kwa sababu vidonda vyake vya tumbo vilikuwa vimetoka damu majuzi tu. Ilibaki mashine: mrija mrefu uingizwe kwenye mshipa wa kinena, usukumwe hadi mapafuni, uyanyonye mabonge.

"Kuna mtu alikanda hii mguu?" akauliza, akiitazama ngozi iliyong'aa kwa samli.

Nilifungua mdomo. Mama, ambaye hakuwa na pumzi ya maneno matatu, akanitangulia.

"Nilijikanda. Mwenyewe."

Mama huyo hajaweza kuinama kwa miaka. Viatu vyake hufungwa na mimi. Daktari akaandika. Nami, kwa aibu, nikamwacha aandike.

Walimwingiza chumba cha mashine akiwa macho, wakamtia ganzi kwenye kinena tu. Nilibaki kwenye benchi nikigombana na kila kitu: chai ilikuwa baridi, mlango ulikuwa unapiga kelele, na mlinzi aliniambia nisimame kando kana kwamba nilikuwa nauza nyanya. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa nimemuua mama yangu kwa mikono hii miwili.

Daktari alitoka na bakuli dogo. Ndani yake, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na vipande vyeusi, vinene, kama ini lililokatwakatwa.

"Imetoka vizuri, Madam. Anapumua."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Daktari, ni mimi nilimkanda. Hakujikanda."

"Hata kama hungemkanda, hiyo damu ingeweza kukatika tu. Lakini ungemleta mapema."

"Sikujua."

"Mama anajua hukujua." Akafunika bakuli. "Tukiwa tunavuta hizi vitu, aliniuliza kama unaweza kuziona. Nikamwambia huwa tunaonyesha familia. Akaniomba nikuambie ni mkono wako umezitoa, vile ulimkanda."

Nilikaa chini palepale, nikalia kwa sauti, na mlinzi hakuniambia nisimame.