Hariri Niliyomchagulia Mama Mkwe Akiwa Haoni

Nilikosa. Naanza hapo ili usije ukanihurumia nikikusimulia aliyonitenda yule mama. Alinitenda, tena sana, lakini hili la hariri ni langu peke yangu.

Mimi ni muuguzi hapa Doha, kwenye kliniki moja ya Al Sadd. Nilikuja binti yangu akiwa na miezi kumi na moja, nikamwachia mama mkwe. Mtoto ana jina la bibi huyohuyo, Wanjiru, kwa kifupi Shiru, kama desturi yetu Wakikuyu inavyotaka. Basi bibi akajiona amejizaa upya! Niliporudi likizo ya kwanza, Shiru wangu alijificha nyuma ya sketi yake.

"Msalimie anti," mama mkwe akamwambia.

Anti! Mimi niliyembeba tumboni! Nilipolalamika, akacheka mbele ya majirani. "Mama ni anayelea. Wewe rudi kwa Waarabu wako."

Nilirudi Doha na maneno hayo nikayatafuna kwa miaka. Hata leo nikiyakumbuka damu hunichemka.

Kisha macho yakamsumbua. Presha ya macho. La kushoto likafa kabisa, la kulia likaingiwa na mtoto wa jicho pia, likabaki kuona vivuli tu. Wahindi ninaofanya nao kazi wakanishauri apelekwe Chennai, kwao India. Mume wangu ni dereva wa malori na pasipoti hana. Nani ampeleke? Anti!

Nilimpokea uwanja wa ndege hapa Doha, tukaendelea pamoja. Matibabu sikuyachezea, hilo niamini. Matone ya dawa nilimtilia kwa saa yake. Jicho lilipasuliwa likafunikwa, tukaambiwa kuona kutarudi polepole, pengine baada ya wiki kadhaa.

Siku ya nne akaniambia, "Sijawahi kutoka Kenya maisha yangu yote. Nitembeze. Utakuwa macho yangu."

Macho yake! Hapo nikaona nafasi yangu imefika.

Tukapanda tuktuk hadi ufuo wa Marina. Jamani, palikuwa pazuri! Watoto walirusha tiara, farasi walipita wamevishwa shanga, familia zilikaa mchangani zikila.

"Kukoje?" akauliza.

"Matope na mbwa."

Akainua pua. "Mbona nasikia harufu ya mahindi ya kuchoma?"

"Ni takataka zinachomwa, mami."

Yalikuwa mahindi! Ya ndimu na pilipili, kama ya kwetu. Nilinunua moja nikalila palepale kando yake, kimya kimya. Kule Mylapore, mtaa mwingine wa Chennai, lango la hekalu limejaa sanamu za rangi zote kuanzia chini hadi juu. Nikamwambia ni ukuta tu, tena umepasuka.

Siku ya mwisho akataka kununua hariri. Tukaenda T. Nagar, mtaa wa maduka ambako watu hupita wakisukumana mabega. "Nitafutie zambarau, kama kanzu ya askofu," akasema. "Jicho likifunguka, nataka iwe kitu cha kwanza nitakachokiona."

Muuzaji alitandaza vitambaa mbele yetu, na zambarau ilikuwepo, nzuri ajabu. Mimi nikanyoosha kidole kwenye kijani kimoja kibaya, rangi ya kamasi ya mtoto mwenye mafua. Nilitaka siku atakapofungua jicho aione kamasi hiyo na ajue ni mimi!

Akaipapasa kwa vidole vyote. "Inang'aa?"

"Inang'aa, mami."

"Asante, Mama Shiru."

Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Nilisikia vizuri kabisa, na bado nikamwambia muuzaji aifunge.

Tuliporudi Doha akaja kupumzika kwangu, Muaither. Mwenzetu mmoja wa Al Wakrah akamshonea gauni. Ijumaa, siku ambayo sisi Wakristo wa huku husali, akalivaa kanisani. "Zambarau imenikaa?" akawauliza akina mama. Walitazamana, nikawakonyeza. "Imekukaa, mami!" Nilifurahi, sikatai. Nilifurahi mno!

Jioni hiyo akapiga simu nyumbani. "Shiru, nilikupotosha. Huyu si anti. Huyu ni mama yako, mwite mama."

"Mama?" mtoto akasema. Niliingia bafuni nikalia.

Ningesema ukweli wakati huo! Sikusema. Niliona aibu, nikajiambia jicho likifunguka nitajua la kufanya. Wiki ya sita daktari wa hapa akalimulika, akatikisa kichwa. Halikufunguka.

Akarudi Kenya na gauni lake. Shiru ndiye aliyefungua sanduku, akiwa na miaka tisa. Bibi akamwambia, "Tazama zambarau niliyochaguliwa na mama yako." Mtoto akajibu, "Ni nzuri, shosho." Kisha akachukua simu akatoka nje.

"Hii si zambarau," akaniambia.

Nikababaika kwamba muuzaji alikosea.

"Shosho anasema baharini alinusa mahindi, ukamwambia ni takataka. Yalikuwa mahindi?"

Nikaanza kumuuliza habari za shule.

"Sawa, anti."

Jina la mama alinipa kwa wiki tano tu! Nilihangaika nikapata hariri ya zambarau kweli, nikamtumia kwa mkono wa rafiki anayerudi likizo. Shiru alipoipokea akanipigia. "Shosho tayari anayo zambarau. Nikimpa hii, nimwambie ni rangi gani, anti?"

Sasa yuko sekondari na bado naitwa hivyo. Bibi yake kila Krismasi huvaa ile kamasi, na mtoto humshika mkono hadi kanisani akimwambia amependeza.

Wewe uliyekalia kinyongo, hasa wewe uliye ng'ambo na mtoto wako analelewa na mtu aliyekuumiza, nenda ukamwambie usoni. Mgombane, mrushiane maneno mpaka majirani watoke nje! Usimngoje aishiwe nguvu ndipo umlipizie. Mimi nilidhani pale nyumbani hakuna anayeona, kumbe alikuwepo mmoja, na ndiye niliyekuwa nikimtaka.