Ufa Kwenye Pembe ya Nyati

Mwenye mashine ya kusaga pale Masakta alikuwa na mlango wa mbao ulioogopwa na watu wazima. Akipewa sarafu anayoishuku, anaibandika mlangoni kwa gundi kali, kisha anaandika chini yake kwa chaki jina la aliyeileta. Nilipofika zilikuwa tatu. Ya nne ilikuwa yangu. Niliapa mbele ya foleni nzima kwamba ni halali, wakacheka, na siku hiyohiyo bosi akaniajiri kubeba magunia, nadhani ili anicheke kwa karibu. Nilikusudia kukaa siku mbili. Nikakaa hadi mavuno.

Jumamosi moja akaja bibi mmoja na debe lake la mahindi. Kanisani ndiye aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka kila Jumapili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Bado hujaoa tu?"

Akatoa sarafu ya mia tano. Iling'aa kama mpya, lakini nyati aliyechorwa juu yake alionekana kama aliyenyeshewa usiku kucha: uso umefifia, na namba zimevimba kuelekea ukingoni.

"Feki," bosi akasema. "Inang'aa lakini haisomeki. Hela mpya husomeka."

"Baba, mimi nitengeneze hela? Hata chapati zangu haziwi duara!"

"Sijasema umetengeneza. Nauliza tu jina lako lina herufi ngapi, maana chaki imebaki kidogo."

Foleni ikaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Kesho nashika kikapu," akasema polepole, na mkono wake ukaenda kwenye kilemba kama mtu aliyesikia upepo. Watu wale wale waliokuwa wanacheka ndio angewapitishia kikapu asubuhi.

Bosi alikuwa ameshafungua gundi. Nikaiomba ile sarafu, nikatoa mfukoni kioo cha kukuzia nilichong'oa kwenye kamera mbovu.

"Tulieni," bosi akasema, "profesa wa darasa la sita anafanya utafiti."

Utafiti wangu niliufanyia Tumati, kwa mhunzi wa kengele za ng'ombe. Kila kengele tuliigonga muhuri wa chuma wenye nyota. Muhuri ulipokuwa mpya, nyota ilitoka na ncha kali. Baada ya kugonga kengele nyingi mno, chuma chenyewe kililika: ncha zikawa butu, na kando yake bati likabaki na mikwaruzo myembamba iliyokimbilia nje kama miale. Kengele ilikuwa mpya kabisa, ila nyota yake ilionekana ya zamani. Mwishowe muhuri ukapata ufa, na bati likaingia ndani ya ule ufa kila tulipogonga. Tangu siku hiyo kila kengele ilizaliwa na mstari uleule ulioinuka. Ng'ombe wa Tumati nzima wakawa na kovu moja.

Sarafu iliyochakaa mifukoni huwa laini pale palipoinuka, na haing'ai. Hii ya bibi ilikuwa na mikwaruzo hata kwenye mabonde ambayo kidole hakifiki. Ilizaliwa hivyo. Na kwenye pembe ya nyati kulikuwa na mstari mwembamba kama uzi, umeinuka.

Nikavuta kopo la hela la bosi, nikachambua za mia tano moja baada ya nyingine hadi nikapata niliyoitaka.

"Bosi, hii vipi?"

"Hiyo safi. Nimeitoa benki Katesh jana, mfuko umefungwa, nimeufungua mwenyewe."

"Una uhakika?"

"Nikuapie?"

"Sema kwa sauti, mashine inapiga kelele."

"Ni ya benki!" akapaza sauti hadi kuku wakahama.

Ndipo nikampa zote mbili na kioo. Aliinama akatazama. Pembe ileile, ufa uleule, namba zimevimba vilevile. Muhuri mmoja mzee ulizipiga zote.

"Kwa hiyo zote ni..." akaanza, halafu akakumbuka alichoapia.

Bibi alikuwa ameshaokota chaki. "Jina lako lina herufi ngapi, baba?"

Foleni ilicheka hadi mtu mmoja akamwaga mahindi. Bosi alisaga debe la bibi kwanza, kisha akachukua kisu kubandua zile za mlangoni. Nilizikagua mbele ya wote: mbili zilipigwa na muhuri mchovu, moja ilichakaa tu mifukoni. Majina yakafutwa.

Kisu kikafika kwenye yangu. Kikazama ndani ya sarafu yenyewe kama kwenye ugali wa jana: feki.

Mimi nilijua tangu wiki ya pili. Chini ya kioo ilikuwa na vipovu kama uji unaochemka, na hakuna muhuri, hata uzeeke vipi, unaotoa vipovu; hivyo ni vya bati lililoyeyushwa na kumiminwa. Nilinyamaza kwa sababu nilishaapa. Bosi aliirudishia gundi kwa furaha, akalikoleza jina langu kwa chaki yote iliyobaki.

Kesho yake bibi alipitisha kikapu benchi hadi benchi, kilemba kimenyooka. Kwangu akasimama. Nikatumbukiza mkono na sarafu.

"Igeuze kwanza, mume wangu," akanong'ona. "Nione na upande wa pili."