Jino Jipya Mbele ya Baba Mkwe

Mimi ni fundi mitambo mwenye diploma. Nilirudi kutoka Doha nikajijengea nyumba hapa Kaaga bila kusaidiwa na mtu. Kwa hiyo daktari wa meno aliponieleza kuwa ameingiza skrubu kwenye mfupa wa taya, mahali pa jino langu la mbele lililong'oka, nilimsikiliza nusu tu. Alisema mfupa huchukua miezi kuishika skrubu, na jino alilonibandikia kwa sasa ni la sura tu. Mimi nimekaza skrubu maisha yangu yote. Ikikazwa, imekazwa.

Jumamosi iliyopita nilipeleka ncheo kule Kiirua, kile kitita cha miraa cha kuombea mchumba. Baba yake Kendi akikifungua na kutafuna, amekubali nimuoe binti yake. Alikifungua, lakini kijiti cha kwanza akanipa mimi.

"Tafuna, fundi. Ama meno yako yana shida?"

"Mzee, haya ni meno ya kisasa. Yanaweza kufungua nati."

Niliamua kumwonyesha. Nikauma ganda la kijiti kwa meno ya mbele, nikavuta kwa nguvu zote. Ganda lilitoka pamoja na jino, likaning'inia kwenye kijiti mbele ya wazee wote waliokuja kushuhudia.

Mzee hakucheka. "Kendi aliniambia asubuhi kwamba hilo jino bado halijashika. Nilitaka kuyasikia hayo kutoka kwako."

Akafunga kitita, akanirudishia mkononi. "Utakileta tena likishashika."