Zamu Tulizompangia Kadzo

Mjukuu wangu Kadzo alizaliwa mwaka wa 1979 hapa karibu na Tarasaa, wakati baba yake, mwanangu Katana, alikuwa bado anakata vichaka vya shamba letu la kwanza. Alijua kusuka mkeka, alijua kuimba, na alijua kumjibu mtu mzima mpaka mtu mzima akakosa la kusema. Mtihani wa darasa la nane aliupita, tena si kwa kubahatisha. Nayaandika haya kwanza kwa sababu watu wa hapa wakimtaja huanzia kwenye ugonjwa, kana kwamba mtoto yule alizaliwa siku aliyougua. Inaniudhi, na sitaacha kuudhika.

Ugonjwa ulimjia mwaka wa tisini na saba, kabla ya mafuriko makubwa. Wako wanaosema maji ndiyo yaliyomharibu akili. Uongo. Maji yalitukuta tumeshaacha kulala. Kadzo alikuwa akisikia watu nyuma ya ukuta wakimtukana, na ukutani hapakuwa na mtu. Chakula asichokipika mwenyewe hakukigusa. Tulipohamia kando ya barabara, tukaishi chini ya turubai, alikuwa akiingia majini mpaka kiunoni ili awakimbie hao watu wake.

Maji yalipopungua, Katana alimpeleka kwa nesi mmoja huko Garsen, jina lake Margaret. Nesi akatoa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kila siku bila kuruka. Akasema tusitegemee kuona kitu upesi.

Hapo ndipo niliposhika kalamu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, wakati wasichana wa rika langu hata mlango wa shule hawakuujua, na kwa karibu miaka ishirini mimi ndiye niliyepanga zamu za kuwinga ndege wasile mpunga wetu. Alfajiri mwenye zamu anapanda dunguni, kwenye kichanja cha mlinzi, na kombeo lake na makopo yake, na siku hiyo shamba ni lake. Hakuna wa kumwambia rusha huku, piga kelele kule. Ukiingilia zamu ya mwenzako umemtukana. Hivyo ndivyo tunavyofanya, na tunavuna.

Nikaona mtoto naye tumlinde hivyo hivyo. Nikaandika: Jumatatu mpaka Jumatano, baba yake. Alhamisi na Ijumaa, mama yake, Zipporah. Jumamosi na Jumapili, Ngala, mdogo wake Katana. Majirani walinisifu, wakasema nyumba hii ina mpango. Nami nikasifika.

Miezi minne ikapita. Leo Kadzo anatwanga mpunga na kunitania, kesho kutwa anapiga kelele mpaka koo linakauka. Ngala akachoka. Akaja kutuambia kwamba dawa ya hospitali imeshindwa, na Jumamosi angempeleka kwa mganga mmoja upande wa Kilelengwani, akae huko mpaka apone. Nikamuuliza mtoto atakaaje huko. Akasema wagonjwa wa pale hufungwa, kwa usalama wao. Katana akaangalia chini. Zipporah akalia. Katika watu wazima wote wale hakupatikana hata mmoja wa kusema hapana.

Nikasema kabla ya Jumamosi tutakwenda kwa nesi, sote, na Kadzo mwenyewe. Siku ya Ijumaa tukaenda.

Nesi aliuliza ni nani anayempa dawa. Katana akasema, siku zangu nampa mimi. Zipporah akasema siku zake anamwangalia yeye. Ngala akasema vivyo hivyo. Kadzo alikuwa amekaa kwenye benchi, na tangu tufike hakuna aliyemuuliza hata hujambo.

"Siku za baba nalala," akasema. "Siku za mama nashinda njaa. Siku za baba mdogo nafungwa."

Nesi akaichukua chupa ya dawa tuliyokuja nayo, akavimimina vidonge kwenye sinia. Vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko vilivyomezwa.

Basi yakatoka yote. Zipporah alikuwa akifunga kwa maombi na kumfungisha mtoto pamoja naye, na kidonge hakikumezwa kwa sababu aliona kukimeza ni kukosa imani. Ngala alikwishaanza na mganga wake zamani, na mganga alimwambia dawa zake na za hospitali hazikai tumbo moja. Akitaka kwenda kulima, alimfunga Kadzo mguu kwa kamba ya ng'ombe. Katana aliiona alama mguuni akanyamaza. Zamu haikuwa yake.

Tulipofika nyumbani nikawakalisha chini, nikawaambia kwamba ndege wenyewe tunawawinga kwa akili kuliko tulivyomtunza mtoto huyu. Nikawaambia mengine ambayo siyaandiki.

"Mama, zamu ulizipanga wewe," Ngala akasema.

Nilitaka kumpiga. Lakini alikuwa amesema kweli, na mimi siwezi kukaa na kweli iliyotupwa mbele yangu nikajifanya sikuiona.

"Nilizipanga mimi na nilizipanga vibaya," nikasema. "Niliwagawia siku, sikuwaambia mfanye nini. Kadzo, mjukuu wangu, nilikukosea."

Wanangu wale walikuwa hawajawahi kunisikia nikisema maneno hayo. Zipporah aliacha kulia kwa mshangao. Nikamuuliza Kadzo anataka kukaa wapi.

"Hapa, hawe," akaniambia, maana ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita nyanya. "Na baba mdogo akija, aje bila kamba."

Nikaweka amri moja kwa wote. Vidonge viwili kila siku, zamu iwe ya yeyote. Anakula kwanza, halafu anayetaka kuomba aombe mpaka kuche. Kwa mganga haendi. Na mwenye zamu akiona jambo baya kwenye zamu ya mwenzake, aingilie, hata kama atatukanwa.

Ngala aliondoka bila kuaga. Asubuhi ya Jumamosi nilikaa mlangoni nikimngoja, fimbo iko mkononi. Akaja mikono mitupu, uso umekunjwa. Nikampa uji na kidonge, nikamwambia ampe mbele yangu. Akampa. Kadzo akameza, akaachama kinywa mbele ya uso wa baba yake mdogo.

"Angalia vizuri, daktari. Na chini ya ulimi pia?"

Ngala akacheka, na Kadzo naye akacheka. Mimi sikucheka. Mguu wake ulikuwa umenyooshwa pale juani, na alama ya kamba ilikuwa bado mbichi.