Geti lililokataa kutoka karakana

Leo tumemaliza geti safi kabisa, halafu likakataa kupita mlangoni.

Miaka yote wanafunzi wangu wa kuchomelea vyuma walifanyia kazi nje. Sasa chuo kimekua, tuko na karakana mpya. Mlango wake hakuna aliyepima.
Hata mimi mwalimu, ati!

Mwenye geti, mama mfugaji wa Mweiga, alikuwa amesimama kando ya pikapu yake.

Nikaita darasa la ujenzi. Wasichana wawili wakabomoa ukuta kando ya mlango, geti likatoka, wakaurudisha jiwe kwa jiwe. Mama akabaki akiwatazama.

Kisha akanijia. Nikajua nimepatikana.

"Mwalimu, hawa wasichana wanamaliza shule lini? Nataka wanijengee zizi."

Geti hata hakulisifu. Vijana wangu wamenuna hadi saa hii.

Jameni, niwaambie nini?