Wembe Kwenye Spika

Mume wangu ni fundi wa spika, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kibovu akakiacha. Mlango ukilia anautia mafuta, hata ukiwa wa watu. Wenzake wanamwita Bisibisi, na yeye anaona amesifiwa.

Kaka yake alipofariki alituachia gitaa la umeme, amplifaya kuukuu na kanda moja aliyorekodi mwenyewe, muziki wa metali, ule wa magitaa ya kukwaruza. Makelele matupu, siwafichi, kichwa kilikuwa kinaniuma. Lakini mama mkwe, ambaye ameshatusahau sote, akiyasikia alikuwa anatabasamu. "Mwanangu huyo," anasema, halafu anafungua mdomo, nami namlisha. Bila kanda hali kitu. Siku redio ilipoitafuna ile kanda nililia kuliko siku ya msiba.

Siku ya pili ya njaa mume wangu akalitoa gitaa. Wimbo aliujua, kaka yake alimfundisha. Sauti ndiyo iligoma. Kwenye amplifaya akaongeza mkwaruzo mpaka kitufe kikakataa kuzunguka, akaongeza besi, akapunguza sauti za katikati. Akachukua bisibisi akazishusha zile sumaku zinazonasa sauti chini ya nyuzi, akazipandisha, akazishusha tena. Kila akipiga, mama anageukia ukutani.

"Si yeye," anasema.

Siku ya tatu uvumilivu ukaniisha. Mama alikuwa amebaki mifupa. Nikamwambia, "Baba watoto, sauti yako safi mno. Ya shemeji ilikuwa na kikohozi."

Akaniangalia, kisha akakaa sakafuni mbele ya amplifaya.

"Ile spika ya kaka humu ndani ilikuwa imechanika karatasi," akasema. "Sehemu tatu. Nilidhani panya. Tulipotoka kuzika tu nikamwekea mpya, nikaona ndiyo heshima."

"Ya zamani iko wapi?"

"Nilitupa. Kumbe kaka aliichana mwenyewe ili ikohoe."

Sikumgombeza, na mimi mdomo wangu mnaujua. Nilikwenda kuleta wembe. Mikono ile inayounga waya mwembamba kama unywele ikaushika. Miaka ishirini ya ufundi, hajawahi kuharibu spika nzima. Akachana mara moja, mara mbili, mara tatu. Akawasha, akapiga.

Kikohozi kikatoka.

Mama akageuka. Uso wote ukafunguka. Akamtazama mume wangu machoni, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akamwita kwa jina la marehemu. Nikasogeza kijiko upesi kabla hajabadili nia. Akala. Akala bakuli zima, na mimi nafurahi kama mwehu, sijaona bado mume wangu anavyolia.

"Mama," akasema huku vidole vinaendelea, "ni mimi. Mdogo."

Mama akaweka kidole mdomoni, akaonyesha kitanda kitupu cha pembeni.

"Punguza kidogo, mwanangu," akamnong'oneza. "Mdogo wako amelala."

Mume wangu akapunguza.